Gitaa la elfu saba, kutoka Luthuli hadi Kisa

MTU yeyote aliyewahi kupita katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi Jumamosi mwendo wa saa sita mchana anafahamu kwamba hapo si mahali pa mwenye kuumwa na kichwa. Kila duka limetoa spika zake mlangoni na kila spika inashindana na ya jirani. Huku injili, kule rumba ya Kongo, na katikati kijana aliyeshika kipaza sauti anawatangazia wapita njia kwamba bei ya leo haitapatikana kesho. (Itapatikana. Nimekuwa nikimsikia kwa miaka kumi sasa.)

Barabara hii, iliyopewa jina la Albert Luthuli, yule kiongozi wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Nobeli ya amani ya mwaka 1960, ilipunguziwa magari mwaka 2019 na njia ya waendao kwa miguu ikapanuliwa. Kelele hakuna aliyeipunguza. Ndimo nilimotumbukia Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, nimemshika mkono binti yangu wa miaka 12, tukitafuta gitaa.

Fedha hazikuwa zangu zote. Binti huyu alikuwa ameweka akiba kwa miezi kumi na mmoja, shilingi hamsini leo, mia moja kesho, zawadi ya shangazi na salio la nauli, akimkabidhi mama yake amwekee katika simu. Zilipofika shilingi 3,200 alinijia sebuleni, akasimama wima kama msomaji wa taarifa ya habari, akasema, "Baba, uliniambia nikifikisha elfu tatu utanijazia." Sikukumbuka kusema hivyo. Mama yake alikumbuka, na mwenye shahidi hashindwi kesi.

Wauzaji wa ala za muziki wametapakaa kati ya Luthuli na River Road, wengi wao orofani, juu ya ngazi nyembamba ambazo anayepanda sharti amngoje anayeshuka. Ni jambo la kufaa kwamba wako hapo. River Road ndiko kulikokuwa kitovu cha biashara ya santuri nchini miaka ya 1970 na 1980, na benga ya akina D.O. Misiani ilisafiri hadi mashambani kutoka vichochoro hivi. Sasa santuri zimekwenda zao, lakini magitaa yamebaki, yamening'inizwa darini mithili ya nyama katika bucha.

"Karibu mzazi," kijana wa duka akasema kabla hatujavuka kizingiti. "Ni la huyu msichana? Shika, dada, usiogope."

Kijana huyo alitupa somo fupi ambalo nakiri lilikuwa la kweli. Alisema magitaa yasiyotumia umeme ni ya aina mbili. Kuna yenye shingo pana na nyuzi za nailoni, ambayo ni laini kwa vidole, na kuna yenye nyuzi za chuma, ambayo sauti yake ni kali na ndiyo yanayosikika katika nyimbo nyingi za kanisani na za vijana. Akatuonya tusije tukafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa lililoundiwa nailoni, maana mvuto wake hung'oa daraja, yaani kile kipande cha ubao tumboni ambacho nyuzi zimefungwa. Kuhusu ukubwa, lile la inchi 41 ni la mtu mzima. Mtoto wa miaka 12 hutoshwa na la inchi 38.

Ukutani palikuwa na Yamaha F310, gitaa la Kijapani ambalo walimu wengi wa muziki humtajia mwanafunzi anayeanza. Nilipoulizia bei yake nikarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya fedha tulizokuwa nazo.

Hapo ndipo binti yangu alipoliona lake. Lilikuwa la inchi 38, nyuzi za chuma, rangi ya kahawia katikati ikikolea hadi kuwa nyeusi ukingoni, na jina la kampuni ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo wala tangu siku hiyo. Liling'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Likinuka vanishi mpya. Nililigeuza mbele na nyuma, nikaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, nikatazama kama lina ufa. Sikuona. Kijana akalichukua, akapitisha vidole vyake juu ya nyuzi, na sauti iliyotoka ilimfanya binti yangu afunge macho.

Aliitisha elfu tisa na mia tano. Nikasema elfu tano. Tukapandishana na kushushana kama ilivyo ada ya huko mjini, nikajifanya naondoka hadi ngazi ya tatu, tukakutana kwenye shilingi 7,000, pamoja na mkoba wa kitambaa, vipigio viwili vya plastiki, seti moja ya nyuzi za akiba na kispana kidogo chenye pembe sita ambacho sikujua ni cha nini. Nilishuka ngazi nikijiona mfanyabiashara hodari.

Msomaji atanisamehe nikisema hapa kile ambacho sikukitazama. Sikutazama umbali kati ya nyuzi na shingo. Niliangalia rangi, niliangalia ufa, niliangalia bei, lakini jambo moja linaloamua kama mtoto atapiga gitaa au atalitupa sikuliangalia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni la kuangaliwa.

Ncha za vidole

Siku tatu za kwanza nyumba yetu ilikuwa na furaha. Binti yangu alipakua katika simu ya mama yake programu ya kulinganisha nyuzi, akajifunza majina ya nyuzi sita kuanzia ule mnene wa juu: E, A, D, G, B na E tena. Kila alipozilinganisha zililegea baada ya dakika kumi. Hilo halikuwa kosa la mtu yeyote, kwani nyuzi mpya hurefuka siku za mwanzo kabla hazijatulia. Alivumilia.

Siku ya nne alikuja mezani akashika kijiko cha ugali kwa mkono usio wake. Nikamwuliza kulikoni. Akanionyesha mkono wa kushoto. Ncha za vidole vinne zilikuwa zimeingia mistari mirefu myekundu, na cha shahada kilikuwa kimetoa lengelenge.

"Ni kawaida," nikamwambia, maana nilikuwa nimesikia hivyo. Na ni kweli, kila anayeanza nyuzi za chuma huumia wiki tatu au nne mpaka ngozi ya vidole iwe ngumu. Lakini mwanangu alisema jambo jingine ambalo sikulitilia maanani. Alisema, "Baba, hili gitaa linadanganya. Nikilinganisha nyuzi, zikiwa wazi zinasema kweli. Nikizibonyeza zinasema kingine."

Nilicheka. Nikamwambia wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Kufikia mwisho wa wiki ya tatu gitaa lilikuwa limehamia nyuma ya kochi. Kila nilipolipita niliona shilingi 7,000 zimesimama ukutani. Nilianza kutoa hotuba. Nilimwambia kuhusu watoto wanaoanza jambo na kuliacha njiani. Nilimkumbusha baiskeli, nilimkumbusha karate. Hakunijibu. Mama yake alinitazama kwa jicho ambalo waliooa watalielewa. Hatimaye nikatoa uamuzi: likizo ya Agosti tunakwenda Kisa kumwona mjomba wangu, na gitaa tutalipeleka huko akapewe mjukuu wake mmoja ambaye, nilisikia, anapenda muziki kikweli.

Lile neno "kikweli" nalijutia hadi leo.

Safari ya Kisa

Tuliondoka na basi la asubuhi. Kondakta alilitazama gitaa, akafungua buti, akalilaza juu ya magunia na chini ya godoro la mtu. Binti yangu alisimama akitazama mpaka mlango wa buti ulipofungwa. Hakusema neno.

Anayetaka kuionyesha familia yake nchi hii kwa nauli moja na apande basi la Kisumu la kupitia Kericho wakati wa mchana. Ukiteremka bonde la Ufa unaliona Longonot limekaa peke yake bila haya. Naivasha, kisha Nakuru ambako kila abiria anakumbuka ana njaa. Kisha Kericho, chai pande zote mbili za barabara, imekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule ya bweni. Kisha unashuka joto likikupokea, mpunga wa Ahero, harufu ya ziwa, na Kisumu. Baada ya hapo unapanda tena hadi Maseno, ambako mstari wa ikweta unakata barabara, na muda si muda mko Luanda, mawe makubwa ya Bunyore yakiwatazama kutoka juu ya vilima. Hapo tukashuka, tukaingia matatu ya kwenda Khwisero, tukavuka Mto Yala, na mwisho tukapanda bodaboda mbili, mimi na mizigo kwenye moja, mama na binti kwenye nyingine. Ilikuwa saa moja jioni. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuanikwa uani, na mjomba alikuwa ameketi karibu nayo na fimbo ya kuwafukuzia kuku.

"Mulembe, khotsa," nikamwamkia.

"Mulembe muno, mwiwa wangu." Kisha akamgeukia binti yangu, ambaye ana jina la marehemu mama yangu, yaani dada yake mjomba, akainuka kutoka kitini kwa shida. "Na huyu dada yangu amenisahau kabisa. Dada, umeniletea nini?"

Binti yangu akamnyoshea mkoba wa gitaa.

Lazima niseme kidogo kuhusu mahali hapa, kwa sababu watoto wetu wa mjini wanadhani gitaa lilizaliwa Marekani likaja na intaneti. Kisa, katika kaunti ya Kakamega, ni nyumbani kwa George Mukabi, mmoja wa wapigaji mashuhuri kabisa wa gitaa kavu waliowahi kutokea nchini. Mtindo wake ukiitwa omutibo: dole gumba linashika nyuzi nene kama anayepiga ngoma, kidole cha shahada kinachezea nyuzi nyembamba juu yake, na pembeni mwenzake anagonga na kukwaruza chupa tupu ya soda. Vidole viwili tu, lakini ukisikiliza ungeapa ni watu wawili. Hakuwa peke yake. Katika miaka hiyo upepo wa gitaa ulikuwa ukivuma kutoka Kongo. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1952 katika mji ambao leo unaitwa Likasi, alifika Nairobi na kuishi humo, na vijana wa Magharibi walikuwa wakitega masikio redioni na kujaribu kila walichosikia.

Mjomba wangu, aliye na miaka 73 sasa, alikuwa mtoto wa shule ya msingi Mukabi alipofariki mwaka 1963. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, debe la mafuta, ubao wa kitanda kilichovunjika, na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Breki ya baiskeli ya baba yake. Tunaambiwa baba mtu aligundua alipokuwa akiteremka mlima.

Usiku ule, baada ya ingokho na ugali wa wimbi, mjomba aliwasha taa, akalitoa gitaa katika mkoba, na nikaanza kumweleza habari yote, jinsi nilivyolinunua, jinsi mtoto alivyolegea. Hakunisikiliza. Alilishika kwa kitako akaliinua mpaka jichoni, akatazama kando ya shingo kama mtu anayelenga bunduki. Kisha akalilaza mapajani, akaweka kidole kwenye freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukingama shingo), akainama.

"Nani amekuwa akipiga hili?"

"Ni mimi, babu," binti yangu akasema.

"Kwa muda gani?"

"Wiki tatu."

Mjomba akamshika mkono wa kushoto akaugeuza kwenye mwanga, akavitazama vidole, akaniangalia mimi.

"Mwiwa, hapa kati panya anapita na mkia wake umesimama. Mimi nisingelipiga hili siku tatu."

Sikujua pa kuweka uso wangu. Kumbe nyuzi zikikaa juu mno, mtoto analazimika kuzisukuma mbali kabla hazijagusa freti, na uzi unaposukumwa mbali unavutika, na ukivutika sauti yake inapanda. Ndiyo maana nyuzi wazi zilisema kweli na zilizobonyezwa zikadanganya. Sikio la mwanangu lilikuwa limesikia sawasawa tangu mwanzo. Aliyekuwa hasikii ni mimi na mbaazi zangu.

Asubuhi yake mjomba aliniomba kitu cha kupimia, nasi hatukuwa na rula. Nilitoa kadi za benki na za duka kutoka kwenye kipochi. Kadi moja ya benki ina unene wa milimita 0.76, na hicho ni kipimo cha dunia nzima, kwa hiyo msomaji anaweza kufanya hesabu hii dukani kabla hajatoa pesa. Pitisha kadi chini ya uzi mnene, palepale kwenye freti ya kumi na mbili. Zikipita tatu na kugusa, yaani kama milimita mbili na robo, gitaa linapigika. Zikipita nne, lina kazi. Chini ya uzi wetu zilipita kadi tano.

"Sasa tulitupe?" nikauliza.

"Gitaa linatupwa kwa sababu ya plastiki?" mjomba akajibu. "Lete msasa."

Kazi ile ilichukua asubuhi nzima na sehemu ya siku ya pili. Kwanza alikiomba kile kispana cha pembe sita nilichokuwa nimekipuuza. Ndani ya shingo ya gitaa la nyuzi za chuma mna ufito wa chuma. Nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa nguvu zinazoweza kukaribia kilo 70, kana kwamba mtu mzima ananing'inia hapo usiku na mchana, na shingo isiposhikiliwa na ufito huo hupinda kama upinde. Yetu ilikuwa imepinda. Mjomba alikiingiza kispana, akazungusha robo mzunguko tu kuelekea kulia, akaacha. "Hii si nati ya trekta," akamwambia binti yangu. "Robo, halafu unalala. Kesho unatazama tena. Ikikataa, usiishindanie."

Kisha akalegeza nyuzi, akachomoa kile kijiti cha plastiki nyeupe kilichosimama darajani na kubeba nyuzi. Akachora mstari chini yake kwa penseli, akalaza msasa juu ya kioo cha dirisha kilichokuwa kimebaki kwenye ujenzi, akampa binti yangu akisugue upande wa chini, taratibu, kikiwa kimesimama wima, akikagua kila mara. Ukitaka nyuzi zishuke milimita moja kwenye freti ya kumi na mbili, kijiti hicho sharti kipunguzwe milimita mbili. Ukipitiliza hakirudi, utanunua kingine. Binti yangu alisugua ulimi ukiwa nje, na kuku wote wa boma walikuja kutazama.

Mwisho alishughulikia kipande cha juu, kule shingo inapokutana na kichwa, ambacho kina vijifereji sita vya kupitishia nyuzi. Vilikuwa vimechimbwa juujuu, na ndiyo sababu hata freti ya kwanza ilikuwa inauma. Hakuwa na tupa nyembamba. Alichukua kipande cha uzi wa zamani wenye kusokotwa, akakitumia kama tupa, akikivuta mbele na nyuma ndani ya kifereji, mara tatu, anapima, mara tatu, anapima.

Nilikuwa nimesimama hapo na kadi zangu mkononi nilipoitwa jikoni kubeba sufuria. Mke wa mjomba alikuwa akipuliza moto. Akasema bila kuinua kichwa, "Ni miaka mingi sijamwona akiketi hivyo."

Nikamwuliza gitaa lake lilikwenda wapi. Nililikumbuka vizuri, la rangi ya asali, limetundikwa juu ya mlango wa chumba. Wakati wa likizo tulikuwa tukikatazwa kuligusa, nasi tulikuwa tukiligusa.

"Aliliuza Luanda."

"Lini?"

Hapo akaniangalia. "Mwaka ule wewe ulipoingia kidato cha kwanza. Mama yako alikuja hapa na barua ya shule."

Ilikuwa mwaka 2003. Barua ile naikumbuka. Ilikuwa na orodha ndefu, kuanzia godoro hadi jembe. Siku zote nilijua kwamba mjomba alisaidia na karo. Sikuwahi kuuliza aliitoa wapi. Mtoto wa miaka 14 haulizi, na mtu mzima wa miaka thelathini na kitu anadhani ameshachelewa kuuliza. Nilibeba sufuria nikaenda nayo nje, na sikumbuki ilikuwa na nini ndani.

Siku ya pili mjomba alifunga nyuzi mpya, zile nyembamba zaidi ambazo pakiti yake imeandikwa 10. (Pakiti ya 12 ina sauti nene, lakini kwa mtoto anayeanza 10 inatosha sana.) Akalinganisha kwa sikio, bila simu. Binti yangu aliwasha programu yake kwa siri akahakikisha, akanikonyeza kwamba ziko sawa. Nikapitisha kadi. Zikapita tatu, ya tatu ikigusa.

Kisha mzee akapiga. Vidole vyake vimekakamaa siku hizi na cha pete hakikunji vizuri, lakini omutibo haukihitaji. Dole gumba likaanza, tum, tum, kama mtu anayetembea kurudi nyumbani bila haraka, na kidole cha shahada kikaja juu yake. Mjukuu wake, yule niliyekusudia kumpa gitaa, akatoka ndani na chupa ya soda na kijiko bila kuambiwa. Gitaa lilikuwa lile lile la plaiwudi la elfu saba. Siwezi kusema lilikuwa na sauti ya gitaa la bei kubwa. Nyuzi nene zilikuwa na ukali wa bati kidogo, na ukipiga kwa nguvu mgongo wake ulitetemeka. Lakini jirani mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe alisimama, na ng'ombe naye akasimama.

"Njoo, dada," mjomba akamwita binti yangu. "Kucha zipunguze. Kidole usikiweke juu ya chuma, kiweke nyuma yake tu, karibu. Usikaze bega. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, basi. Ukisikia kinauma sana, lala."

Alibonyeza. Sauti ikatoka safi. Akabonyeza tena, akanitazama kwa mshangao ambao haukuwa na lawama hata kidogo, na heri ungekuwa nayo.

Tulikaa siku tisa. Hakuna aliyetaja tena habari ya kumpa mtu gitaa. Nilijaribu mara moja, tukiwa peke yetu chini ya mwembe, kumweleza mjomba kwamba nimeambiwa habari ya Luanda. Alinikatiza. Alisema lile gitaa lilikuwa na ufa, na kwamba aliyelinunua hakuuona. Kisha akaniuliza ikiwa kule Luthuli wanauza nyuzi moja moja au ni lazima mtu anunue pakiti, nami nikamwambia nitaulizia.

Siku ya kurudi, pale Luanda, kondakta alifungua buti akanyosha mkono kuchukua mkoba. Binti yangu akarudi nyuma, mkoba kifuani.

"Hilo ni mzigo, dada. Mzigo unakaa chini."

"Si mzigo," akasema.

"Basi likikaa juu litalipa kiti kama mtu."

Abiria nyuma yetu walianza kunung'unika kwamba tunawachelewesha. Nikamwuliza kondakta nauli ya kiti kimoja zaidi hadi Nairobi, akaitaja, akitabasamu maana alijua nitakataa. Nikatoa simu nikalipa.